Nani amfunde mzazi? Malezi na afya ya akili ya mtoto

Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii huwa tunaikumbuka pale kijana anapoharibika, na mara nyingi tunaitumia kumlaumu mama. Swali ambalo hatujiulizi ni hili: huyo mama naye alifunzwa na nani kazi ya kulea? Binti wa kwetu hufundwa na kungwi namna ya kukaa na mume na kuweka nyumba. Kijana wa kiume husomewa haki za mke siku ya nikaha mbele ya watu. Mtoto anapozaliwa wote wawili wanaachiwa tu, kana kwamba kulea ni jambo ambalo mtu huzaliwa akilijua, kama kupumua.

Katika safu yetu ya leo tutazungumzia kile ambacho wataalamu wa afya ya akili wanakiita mafunzo ya wazazi. Si darasa la kumrekebisha mtoto mtukutu. Mara nyingi mtoto hata hayupo darasani. Anayefundishwa ni mzazi, na kinachokingwa ni akili ya mtoto, kabla tatizo halijawa ugonjwa.

Kwa nini tuzungumzie kinga mapema hivyo? Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameshaanza kabla mtu hajafikia umri wa miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Shirika hilo pia linakadiria kuwa katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo unaposikia mtu mzima ana sonona, au kijana wa miaka 20 amezama kwenye dawa za kulevya, ujue kwamba mara nyingi mzizi ulishika alipokuwa bado anavaa kaptula ya shule.

Hapa inabidi tuelewane. Tukisema tatizo la akili, wengi wetu tunamfikiria mtu anayeokota makopo barabarani. Kwa watoto sura yake ni nyingine kabisa. Ni mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya shule na Jumamosi tumbo limepona. Ni mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena baada ya baba na mama kuachana. Ni mtoto anayepigana kila siku mpaka ustadhi wa madrasa anaomba aondolewe. Ni binti wa miaka 13 ambaye hali vizuri, halali vizuri, na amejitenga na wenzake. Watoto wa namna hii tunawapa majina: mtundu, jeuri, mvivu, ana deko, ana jini. Jina likishakaa, hakuna tena anayeuliza sababu.

Mtego wa jioni

Chukua mfano huu. Ni saa kumi na moja jioni, mama yuko uani anachoma chapati. Mtoto wake wa miaka sita anakuja. "Mama, naomba mia mbili ya barafu." Mama anasema hapana. Anaomba tena, mama hajibu. Anavuta kanga. "Nimeshasema hapana, husikii?" Sasa mtoto analia, anajitupa chini, anapiga miguu, na wapangaji wenzao wanachungulia. Kwa aibu, na kwa kuwa chapati inaungua, mama anafungua pindo la kanga. "Haya chukua, uniondokee hapa!" Kilio kinakatika palepale.

Hapo kumefundishwa masomo mawili kwa wakati mmoja. Mtoto amejifunza kuwa hapana ya mama si hapana mpaka ipimwe kwa kilio. Mama naye, bila kujijua, amejifunza kuwa kutoa kunaleta utulivu. Siku nyingine mama amechoka zaidi, anamaliza ubishi kwa kuchapa mwiko. Kilio kinageuka kwikwi, kisha kimya. Mama amepata somo jingine: mwiko nao unaleta utulivu. Kuanzia hapo hakuna anayeanza chini. Mtoto anaanza na kilio, mama anaanza na mwiko, na kila mwezi kiwango kinapanda.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyeitwa Gerald Patterson, aliyefanya kazi katika jimbo la Oregon, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuchunguza mtego huu. Yeye na wenzake hawakutosheka na kuwauliza wazazi maswali ofisini. Waliwaingiza waangalizi majumbani, wakakaa kando kimya na kuandika kila alichofanya mtoto na kila alivyojibiwa. Mwaka 1982 Patterson alitoa kitabu kilichoeleza alichokiona: katika nyumba za watoto wakorofi, ukorofi unalipa. Mtoto akilia, akitukana au akipiga, mara nyingi anapata anachotaka au anaachwa asifanye alichoambiwa. Na akifanya jambo zuri, hakuna anayeliona.

Kinachotisha ni kinachofuata. Mtoto huyu anaibeba tabia hiyo hadi shuleni. Wenzake wanamkwepa. Mwalimu anamchoka, masomo yanamshinda. Akiwa hana rafiki wala alama nzuri, anaangukia kwa wale wengine waliokataliwa kama yeye, na huko ndiko anakokutana na sigara, bangi na wizi mdogo mdogo. Wengine hawaishii kwenye uhuni. Wanaishia kwenye huzuni nzito, kwa sababu mtoto anayeshindwa nyumbani, shuleni na kwa wenzake kwa pamoja hana mahali pa kupumzikia. Ndiyo maana mtaalamu wa afya ya akili anashughulika na kitu kidogo kama mia mbili ya barafu.

Wanawake 238

Je, mzazi akifunzwa inasaidia kweli, au ni maneno ya vitabuni? Wataalamu wa Oregon walifanya utafiti ambao kwa jamii yetu una uzito wa pekee, maana ulihusu kina mama waliotoka kuachana na waume zao. Walikuwa 238, kila mmoja ana mtoto wa kiume wa darasa la kwanza hadi la tatu. Waligawanywa kwa kura: wengine waliingia kwenye mafunzo ya vikundi ya wiki 14 hivi, wengine hawakuingia. Watoto hawakufundishwa chochote. Kisha familia zikafuatiliwa kwa miaka tisa.

Matokeo yalikuja taratibu, moja likivuta jingine. Kwanza kina mama walipunguza ubishi na vitisho na kuongeza kuwatia watoto moyo. Baadaye tabia za watoto zikatulia. Huzuni ya kina mama wenyewe ikapungua, ingawa hakuna aliyewatibu huzuni. Watoto walipofikia ujana, wale ambao mama zao walifunzwa walikuwa na makosa machache ya kihalifu na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Hata hali ya maisha ya kina mama ilionekana kupanda. Ukifikiri vizuri si ajabu: mwanamke ambaye hapigani na mwanawe kila jioni anabaki na nguvu ya kutafuta riziki.

Nimeutaja utafiti huu makusudi. Talaka zipo katika mitaa yetu, na mama mwenye talaka akirudi kwao na watoto watatu, ushauri anaopewa ni mwingi sana kuhusu eda na posa nyingine, na mdogo sana kuhusu hali ya wale watoto.

Kinachofundishwa

Jambo la kwanza linalofundishwa huwashangaza wazazi, maana wamekuja kutafuta adhabu bora. Wanaambiwa wakacheze. Kila siku, dakika kumi au kumi na tano, mzazi akae na mtoto mmoja na mtoto ndiye aongoze. Akitaka kujenga nyumba kwa vizibo vya soda, jenga naye. Akitaka kuchora, chora. Mzazi haamrishi, haulizi maswali ya mtihani, hasahihishi. Anataja tu anachokiona: "Umeweka kizibo chekundu juu ya cha bluu." Simu iwe mbali. Inaonekana kama upuuzi, lakini mtoto anayejua kuwa atapata dakika zake bila kuzipigania anapungukiwa na sababu ya kuzitafuta kwa kilio. Kwa mtoto, kugombezwa nako ni kuangaliwa, na akikosa kuangaliwa kwa wema atachukua kule kwa ubaya.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a), kinajulikana. Mtume wetu (s.a.w), pamoja na mzigo wote wa umma aliokuwa nao, alikuwa na nafasi ya kumuuliza mtoto yule habari za kindege chake. Na yule bwana aliyejisifu kuwa ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja, jibu alilopewa kila mwanafunzi wa madrasa analijua.

La pili ni kusifu, na hapa kuna ufundi wake. "Mtoto mzuri" haimwambii mtoto kitu. Mwambie tendo: "Umeweka viatu mahali pake bila kuambiwa, ahsante mwanangu." Wazazi wengi wa kwetu wanaogopa kuwa sifa itampa mtoto kiburi, wengine wanaogopa husuda. Basi sema mashaallah kisha taja tendo. Kinachomharibu mtoto ni kusifiwa bila sababu. Sifa ya tendo alilolifanya kweli inamwonesha njia.

La tatu ni namna ya kuamrisha. Sikiliza uani jioni uhesabu amri zinazotoka kwa dakika tano: acha hiyo, njoo hapa, we mtoto we, nitakuja huko, unaona ulivyo! Hakuna hata moja inayotekelezeka. Amri inayofaa hutolewa kwa karibu, mzazi akiwa amemwita mtoto kwa jina na wameangaliana. Inakuwa moja, fupi, na inataja cha kufanya badala ya kisichotakiwa. "Usikimbie" inamwacha mtoto hajui afanye nini. "Tembea polepole" inamwambia. Ukishaamrisha, nyamaza umpe sekunde kadhaa. Wengi wetu tunarudia amri mara nne kabla mtoto hajapata hata nafasi ya kuinuka.

Kisha kupuuza. Makosa madogo ya kuudhi, kama kunung'unika, kudeka na kulia kwa kulazimisha, mzazi anafundishwa kuyageuzia uso. Kumbuka kuwa unapuuza tabia, humpuuzi mtoto. Akitulia tu unarudi kwake mara moja. Hapa wazazi wengi hushindwa kwa sababu hawakuonywa. Ukianza kupuuza, kilio kwanza kitazidi. Mtoto aliyezoea kuwa kilio kinalipa atafikiri hakulia vya kutosha. Siku ya pili na ya tatu zinaweza kuwa mbaya kuliko zote. Ukikubali kutoa siku ya tatu, umemfundisha kuwa bei ya barafu sasa ni kilio cha siku tatu. Ni heri usianze, au useme ndiyo mara ya kwanza alipoomba kwa adabu, kuliko kuishia katikati. Ni jambo la watu wazima wote wa nyumba pia, maana bibi akimpenyezea sarafu mlango wa nyuma, kazi yote imebomoka. Mwambieni bibi mapema, kwa heshima yake.

Makosa makubwa kama kupiga, kuharibu au kukataa kutii yana matokeo yanayojulikana kabla. Yawe madogo, yaje palepale, na yaishe. Mtoto aliyempiga mdogo wake anaondolewa kwenye mchezo akae pembeni dakika chache. Aliyechelewa kurudi kutoka kiwanjani, kesho haendi. Usimnyime chakula. Na usimpe kusoma Qur'an iwe adhabu. Hili nimeliona kwa watu wazuri kabisa wenye nia njema: "Umekosea, kaa hapo usome kurasa tatu." Mtoto anajifunza kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni kama kusafisha choo cha shule.

Na fimbo je?

Najua swali hili linamsubiri kila anayeandika kuhusu malezi. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, Tanzania Bara na Zanzibar, na ripoti yake ikatoka 2011. Takriban robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikia miaka 18. Utafiti mwingine uliofanywa kwa wanafunzi zaidi ya 400 wa shule ya msingi nchini Tanzania na kuchapishwa 2014, ulikuta watoto 95 katika kila 100 wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na mzazi au mlezi. Waliopigwa zaidi ndio waliokuwa na ukali na utukutu zaidi, na wema mdogo kwa wenzao. Mtu anaweza kusema wanapigwa zaidi kwa kuwa ni watukutu zaidi. Ni kweli inawezekana, na ndiyo mtego ule ule wa mwiko: kila upande unauchochea mwingine. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, nchi yenye watoto wanaopigwa kiasi hicho isingekuwa na mtoto mkorofi hata mmoja.

Wapo watakaoleta hadithi ya kumwamrisha mtoto sala akiwa na miaka saba na kumpiga akiwa na kumi. Ufafanuzi wake ni wa mashekhe, na safu hii ni ya afya. Ila ninaomba tufanye hesabu. Baina ya miaka saba na kumi ni miaka mitatu, kila siku sala tano. Ni zaidi ya mara elfu tano mzazi anatakiwa awe amemwita mtoto, amemwonesha, amesimama naye, kabla mlango wa adhabu haujafunguliwa. Na wanachuoni wakasema hata hapo isiwe ya kuumiza wala ya usoni. Anayemchapa mtoto wa miaka mitano kwa sababu ya glasi iliyovunjika asijifiche nyuma ya hadithi hii.

Mtoto mpole

Tukizungumza malezi, macho yote huenda kwa mtukutu. Mtoto mpole tunamsifia: hasumbui, hatoki ndani, wageni wakija anajificha nyuma ya mama. Wengi wao ni wazima kabisa, ndivyo walivyoumbwa. Lakini baadhi yao wanaelekea kwenye ugonjwa wa wasiwasi, na hawa hawagunduliwi kwa sababu hawamkeri mtu.

Huko Sydney, Australia, Profesa Ronald Rapee na wenzake waliwachukua watoto 146 wa takriban miaka minne waliokuwa waoga kupita kiasi. Wazazi wa nusu yao walipewa masomo sita tu. Watoto hawakuguswa. Wazazi walifundishwa kuacha kumkinga mtoto na kila kinachomtisha, na badala yake kumsogeza hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, watoto wenye ugonjwa wa wasiwasi walikuwa wachache zaidi upande wa wazazi waliofunzwa. Walipofikia miaka 15 hivi, nafuu ilikuwa bado inaonekana kwa wasichana.

Kwa mazingira yetu, mama wa mtoto anayeogopa watu asimsemee kila anapoulizwa jina, wala asimsukume mbele ya ukumbi wa maulidi asome kaswida siku ya kwanza. Wiki hii amsalimie muuza duka akiwa ameshika mkono wa mama. Wiki ijayo anunue chumvi yeye, mama akiwa hatua tatu nyuma. Kisha aende peke yake. Kumtania mbele ya ndugu, "huyu bwana woga huyu," kunafuta kazi ya mwezi mzima.

Yasiyotokana na malezi

Hapa natamani kila mama asome mara mbili. Usonji hausababishwi na malezi mabaya. Zamani katika nchi za Magharibi walikuwepo madaktari waliodai kuwa unatokana na mama asiye na mapenzi, na wanawake wengi waliumizwa na dai hilo mpaka lilipothibitika kuwa si kweli. Kifafa hakitokani na malezi, ni ugonjwa wa ubongo na dawa zake zipo. Ulemavu wa akili, na ile hali ya mtoto asiyeweza kabisa kutulia wala kumakinika, asili yake ni namna ubongo ulivyokua. Mafunzo yanawasaidia wazazi wa watoto hawa waishi nao kwa wepesi na kuzuia matatizo mengine yasiongezeke juu yake, lakini hayaondoi hali yenyewe.

Na kama mmeona ni vyema mtoto asomewe ruqya, asomewe, hilo halizuii hospitali. Kinachokatazwa kwa kila hali ni kumfunga kamba, kumnyima chakula, kumfukizia moshi mpaka akabwe, au kumsimamishia dawa za kifafa kwa kuambiwa ni jini. Watoto wamepoteza maisha kwa dawa kukatishwa ghafla.

Wenzetu wamefanyaje

Mafunzo haya yalianzia nchi tajiri, na kwa miaka mingi yalikuwa ghali. Kuanzia miaka ya 2010, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu vya Afrika Kusini na Uingereza walitengeneza mafunzo yasiyouzwa, yanayoweza kuendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Huko Eastern Cape, Afrika Kusini, yaliitwa Sinovuyo, neno la Kixhosa lenye maana ya tuna furaha. Yalijaribiwa katika vijiji na vitongoji 40, familia 552 zenye vijana wa miaka 10 hadi 18. Matokeo hayakugusa kila kitu kilichopimwa, lakini kupigwa na kutukanwa kwa watoto kulipungua, msongo wa walezi ukapungua, na utumiaji wa vileo na dawa za kulevya ukapungua kwa walezi na kwa vijana.

Tanzania mafunzo hayo yakaja kwa jina la Furaha, na katika miaka ya 2020 na 2021 yalifikishwa kwa makumi ya maelfu ya wazazi na vijana kupitia mradi wa Kizazi Kipya. Mwaka 2021 serikali nayo ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowalenga watoto hadi miaka minane. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza mafunzo ya malezi kwa wazazi wa watoto wa umri wote hadi miaka 17. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya kata au wilaya yako kama kuna kikundi cha malezi karibu.

Pasipokuwa na kikundi, kina mama wa darsa la Jumamosi wanaweza kuanza na wanachojua. Sharti ni moja: lisiwe wa'adhi. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2008 ulikusanya tathmini 77 za mafunzo ya namna hii, na ukaonesha kuwa yaliyofanikiwa zaidi yaliwataka wazazi wafanye mazoezi na watoto wao palepale wakisimamiwa. Kusikiliza tu hakutoshi. Kwa hiyo wachache mkae, mmoja aigize mtoto anayelilia barafu, mwingine aigize mama, wengine watazame. Mtacheka, lakini mtajifunza. Kila mmoja aondoke na zoezi moja la wiki, kama zile dakika kumi za kucheza, na wiki ijayo aje aeleze lilivyokwenda. Baada ya wiki nne ndipo mguse habari ya amri na adhabu, si kabla.

Kina baba wawe na siku yao, baada ya isha kwa mfano, kwa kuwa mchana hawapatikani. Tusiseme kuwa baba ana kazi ya kulisha tu. Nyumba ambayo mama anapuuza kilio na baba anarudi saa mbili usiku akiwa na mkanda mkononi haijafunzwa bado.

Wapi pa kwenda

Kuna hali ambazo si za darsa. Mtoto anayesema anataka kufa au aliyejiumiza mwenyewe, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, aliyeacha kula, aliyebadilika ghafla baada ya kukaa na mtu fulani, au anayedondoka na kukakamaa, apelekwe hospitali bila kusubiri. Zipo kliniki za afya ya akili katika hospitali za mikoa na za rufaa, Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, na Kidongo Chekundu kwa Zanzibar. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, namba 116 inapigwa bure Tanzania na Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mama naye ajiangalie. Aliyejifungua karibuni, akawa analia bila sababu, hamtaki mtoto au anapata mawazo ya kumdhuru, huyo ni mgonjwa na anatibika. Amweleze muuguzi wa kliniki ya watoto siku anayompeleka mtoto kupimwa uzito, na ndugu zake wasimwambie kuwa ni upungufu wa imani.

Unapokwenda hospitali, usimwambie daktari "mtoto ananisumbua" peke yake. Wiki moja kabla, andika kwenye daftari: alifanya nini, saa ngapi, nini kilitangulia, na wewe ulifanya nini baada yake. Taja pia usingizi wake, chakula, na lini ulianza kuona mabadiliko. Kama anatumia dawa yoyote, ikiwemo ya mitishamba, ichukue uende nayo.